SHAMBA SAFI SI SHAMBA TUPU

Ndugu mkulima, katika skimu nyingi watu husifu shamba la kahawa lililolimwa mpaka udongo ukawa mtupu, pasipo hata jani moja. Husema, "Huyu ni mtu wa bidii." Mimi nasema bidii ya namna hiyo ni hasara, maana inafukuza vibarua wasiodai mshahara.

Fukua majani yaliyooza chini ya kahawa, utazame. Utaona majongoo, mbawakawa, buibui, chungu, na vidudu vyeupe vidogo virukavyo. Majongoo na vidudu hivyo huvunjavunja majani yaoze upesi yawe mbolea. Mchwa na chungu huchimba njia ambazo maji ya mvua hupenya, yasiteremke mtoni pamoja na udongo wako. Buibui na mbawakawa wengi hula wadudu waharibifu. Wote hao hutaka kivuli, unyevu na chakula. Udongo ukiachwa wazi juani hukauka, nao hufa au huhama. Na jembe lipitalo kila mara huvunja nyumba zao.

Fikiri habari ya thripi, wale wadudu wadogo sana wanaoharibu majani ya kahawa wakati wa joto. Kabla ya kupata mabawa hushuka udongoni kujigeuza. Hapa Kenya imejulikana kwa miaka mingi kwamba kahawa iliyotandazwa nyasi hupata thripi wachache kuliko ile iliyo juu ya udongo wazi.

Mahindi nayo ni hivyo hivyo. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wamewafundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nepia pembeni. Desmodiamu hufunika udongo mwaka hata mwaka. Katika mashamba hayo walikuta chungu na buibui wengi zaidi, ambao hula mayai na viwavi wa wadudu watoboao mabua.

Utaniuliza, "Na mchwa je? Watazila nyasi zangu." Kweli, watakula sehemu. Lakini mchwa wengi hupenda vitu vilivyokauka. Ukiviondoa vyote, mara nyingi hugeukia mimea yako. Wala usikimbilie sumu. Zamani aldirini na dieldirini zilitiwa udongoni kuua mchwa. Zilikaa humo miaka mingi, zikiua wadudu wabaya na wazuri pamoja, hata Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yakaamua zikomeshwe.

Tena utasema kwamba ng'ombe anazitaka nyasi hizo hizo, na shamba ni dogo. Hilo ni neno la haki. Basi tandaza nafasi moja kati ya mistari, uruke ya pili, na mwaka ujao ubadilishe. Usizisogeze nyasi mpaka kwenye shina. Mabua ya mahindi yenye viwavi usiyatandaze, mpe ng'ombe. Magugu yakate, usilime kwa kina. Takataka usizichome, na wakati wa kiangazi jihadhari na moto.

Jaribu mistari minne tu msimu huu. Mvua zikiisha, fukua penye nyasi, kisha fukua penye udongo mtupu, uamue mwenyewe ni wapi palipo na vibarua wako.