Semina ya msongo, shifti ileile

Leo nina dukuduku, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Miezi kadhaa iliyopita nilialikwa Kahama kuandika habari ya semina. Kampuni moja ya ukandarasi inayofanya kazi kwenye migodi ya ukanda huu ilikuwa inawafundisha wafanyakazi wake namna ya kukabiliana na msongo wa mawazo. Ukumbi wa hoteli, mtaalamu kutoka Dar, projekta, fulana za bure, mchana wali kuku na soda. Waandishi tukapewa bahasha, eti ya nauli. Nikarudi Shinyanga, nikaandika jinsi kampuni inavyojali watu wake, habari ikatoka.

Kuna kitu sikukiandika. Mtaalamu alikuwa anafundisha kupumua: vuta hewa taratibu, hesabu mpaka nne, iachie. Dereva mmoja wa malori ya kubeba mawe, yale ambayo gurudumu lake ni refu kuliko mtu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nikipumua hivyo saa tisa usiku niko kwenye usukani, usingizi utakata?"

Ukumbi mzima ukacheka. Akaendelea, na safari hii hakuna aliyecheka: "Tupunguzieni usiku wa mfululizo, hiyo pumzi tutaivuta wenyewe." Ofisa rasilimali watu akasimama, akasema masuala ya ratiba si mada ya siku hiyo. Tukaenda kula.

Naomba kuuliza: kama ratiba si mada ya semina ya msongo, mada ni nini?

Jamani, tusidanganyane. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza huku kuchoka kwa mtu mpaka akaichukia kazi yake kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Mahali pa kazi! Si kichwani kwa dereva. Na mwaka 2022 shirika hilohilo lilipotoa mwongozo wa afya ya akili kazini, lilianza na kubadilisha mazingira ya kazi yenyewe, likafuata kuwafundisha mameneja, ndipo likafika kwa mfanyakazi. Sisi tumeugeuza miguu juu. Tunaanza na mfanyakazi, na tunaishia hapohapo.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua shifti ya saa 12, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu siku ndefu namna hiyo kwa makubaliano ya maandishi, ila si zaidi ya siku 5 kwa wiki. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Kati ya kutoka kazini na kurudi, kwa kawaida mapumziko yasipungue saa 12.

Haya, zigawe hizo saa 12 za kupumzika. Basi la kurudi mjini saa nzima. Basi la kwenda saa nzima. Kuoga, kula, mtoto ana homa apelekwe zahanati, jirani kafungulia muziki mchana kweupe. Analala saa ngapi? Tano? Halafu huyu ndiye tunamfundisha kuhesabu mpaka nne!

Sisemi mafunzo hayana maana. Mtu kujua dalili za msongo na kujua pa kukimbilia ni jambo jema. Lakini mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 za Uingereza. Walioshiriki mafunzo ya kuhimili msongo na mengine ya aina hiyo hawakuonekana kuwa na nafuu kuliko wenzao wasioshiriki. Kama kwa Waingereza hali ni hiyo, Kahama tunategemea muujiza gani?

Najua kuna watakaosema, "Hao wana ajira, washukuru. Nenda Mwakitolyo au Nyarugusu ukaone wachimbaji wadogo wanavyoshuka kwenye maduara." Nimewasikia. Shida ya aliye duarani ni kubwa na inahitaji makala yake. Lakini haimzuii wa kwenye lori kusinzia. Na akisinzia na mzigo ule, hafi peke yake.

Mimi naona hivi. Semina ijayo waanze kukaa wapanga ratiba na wasimamizi wa shifti, maana wao ndio wenye kalamu. Kabla projekta haijawashwa, ratiba ya miezi mitatu ibandikwe ukutani na saa zihesabiwe mbele ya watu. Mfanyakazi anayesema amechoka jina lake lisipelekwe kwa bosi, kwa sababu siku ya kupunguza watu kila mtu anajua orodha inaanzia wapi. Na maofisa kazi pamoja na watu wa OSHA wanapokagua, wasiishie kwenye kofia ngumu na viatu. Waombe na kitabu cha mahudhurio.

Na sisi waandishi? Tumekuwa wapambe wa semina. Tunahesabu washiriki, tunanukuu mgeni rasmi, tunapokea bahasha, tunaondoka. Hatuulizi kilichobadilika Jumatatu.

Juzi nikampigia simu yule dereva, maana namba yake nilichukua. Nikamuuliza kama semina ilisaidia. Akanijibu, "Kaka, fulana ni nzuri, nalalia." Nikamuuliza na shifti je? "Ileile."

Hiyo ndiyo habari niliyopaswa kuiandika siku ile. Wadau, huko kwenu maofisini, mabenki na mahospitalini mambo yakoje? Naomba kuwasilisha.