Mambo ya Nyumbani: Arusi ya Wakati wa Mavuno



Mwezi uliopita tulipata barua ya mwalimu mmoja wa upande wa Kongwa. Kijana wake wa kwanza ameposa, na mahari imekwisha kupelekwa, walakini siku ya arusi haijawekwa. Wanakamati, ambao wengi wao ni rafiki za kijana wakaao mjini, wataka arusi ifanywe mwezi wa Desemba, na rangi zake ziwe nyeupe na dhahabu, kama walivyoona katika picha za arusi za Dar es Salaam. Mwalimu atuuliza hivi: "Je, nikikataa nitakuwa nimemwaibisha mwanangu? Ghalani mwangu mna magunia 11 ya uwele na mtama, nao wataka niuze 6 kuwa fungu langu." Tumeona kwamba shauri hili si lake peke yake, maana nyumba nyingi za Ugogo zina vijana wa kuozwa mwaka huu. Basi twamjibu hapa mbele ya wasomaji wote, naye ametupa ruhusa.

Kwanza habari ya Desemba. Nchi yetu haina vuli na masika kama pwani. Mvua ya Dodoma ni moja tu. Huanza mwisho wa Novemba au katika Desemba, hukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwenye jembe hana nafasi ya kukaa. Atakayeuacha udongo wenye unyevu siku tatu kwa ajili ya arusi ya jirani huenda akazitafuta siku hizo tatu mwezi wa Machi, wakati mtama unapotoa mashuke na mbingu zimekauka. Tena makorongo, ambayo asubuhi ni mchanga mtupu wa kuchezea watoto, jioni huwa mito yenye nguvu. Nasi tumekwisha kuona bibi arusi akivushwa mgongoni mwa kaka yake, viatu mkononi, huku wageni wakingoja kanisani tangu saa nne. Zaidi ya hayo, siku za kabla ya Krismasi ni siku za Majilio, na wachungaji wengi hawapendi kufunga arusi za shangwe wakati huo, kama wasivyopenda wakati wa Kwaresima.

Twajua wanakamati watajibu kwamba Desemba ndiyo likizo ya watu wa mjini. Hilo ni kweli, wala hatulidharau. Lakini arusi ni siku moja ya Jumamosi, na siku hizi gari latoka Dar es Salaam asubuhi na kufika Dodoma jua lingali juu, na tangu 2024 iko na treni ya umeme. Na hao wa Dar es Salaam wafungao arusi Desemba hawana haja ya kuiuliza mvua. Unga wao watoka dukani.

Wakati ufaao kwetu ni baada ya mavuno. Uwele na mtama hukatwa tangu Mei hata Juni, hukaushwa, hupurwa, hupepetwa, na ifikapo Julai nafaka imo ghalani au katika vilindo. Njia ni kavu. Ng'ombe na mbuzi wangali na mafuta, maana nyasi hazijakwisha. Mnyama yule yule ukimngoja hata Oktoba utawalisha wageni wako mifupa. Jirani hana kazi ya shamba, kwa hiyo aweza kuja kusaidia bila kunung'unika. Wazee wetu waliyajua haya pasipo kalenda. Shangwe zao kubwa walizifanya wakati wa kiangazi, tumbo likiwa limeshiba na jembe limelala.

Walakini wakati huo una hatari yake, nayo ndiyo sababu hasa ya kuandika. Ghala likijaa, macho hudanganyika. Mtu aona magunia 11 yamepangwa akasema, "Mwaka huu sisi ni matajiri." Basi na tuhesabu pamoja na mwalimu.

Nyumba yake ina watu 6. Tukimpa kila mtu nusu kilo ya unga kwa siku, hiyo ni kilo 3 kwa siku, na kilo 90 kwa mwezi. Tangu Julai hata mwisho wa Aprili ni miezi 10, yaani kilo 900, magunia 9 ya kilo 100. Hayo si mali ya kuuza. Hayo ni watu 6 wenyewe. Katika magunia 11 yamebaki 2, na humo itolewe mbegu. Sasa akiuza 6 kama atakavyo mwenyekiti wa kamati, yatabaki 5, na kilo 500 zitakwisha katikati ya Desemba, wakati ule ule wa kuanza kulima kwa nguvu.

Mtu atasema, mwalimu ana mshahara, atanunua. Ndiyo, atanunua. Ila Juni na Julai kila mkulima apeleka nafaka yake sokoni, na bei huanguka. Nenda Kibaigwa utaona malori yamepangana na wauzaji wakibembeleza. Januari na Februari wauzaji ni wachache na wanunuzi ni wengi, na gunia lile lile aliloliuza kwa bei ya chini atalirudisha nyumbani kwa bei nyingine kabisa. Tena hapo ndipo ada na sare za shule zinapotakiwa.

Na tuwe wa haki kwa wageni. Watu husema karamu ndiyo imalizayo chakula, lakini wageni 200 wakila ugali mara moja, kila mmoja robo kilo ya unga, watakuwa wamekula kilo 50, nusu ya gunia tu. Kwa hiyo mgeni alaye siye atakayeitia njaa nyumba ya mwalimu. Magunia mengine 5 na nusu yatakwenda kukodi ukumbi, vitambaa vya kufunika viti, keki ya ghorofa tatu, na gari la kukaliwa saa moja. Sisi hatukusudii kumkataza mtu keki. Twataka tu aijue bei yake kwa hesabu ya miezi.

Wazee wa nchi hii hawakuhitaji kuhesabiwa. Wao waliisikia habari ya Mtunya kwa baba zao, njaa ile ya miaka ya 1917 hata 1920. Wakati wa vita vile vikubwa, majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Yakadiriwa ya kuwa watu 30,000 walikufa katika watu kama 150,000 wa nchi ya Dodoma. Wako waliowaweka watoto wao rehani kwa watu wenye chakula. Ghala zile zilimalizwa kwa nguvu na wenye bunduki, wala wenyewe hawakuwa na hiari. Ndiyo maana mzee wa Kigogo akiona gunia la uwele linatoka mlangoni kwa ajili ya vitambaa vya viti, hunyamaza, na vijana hudhani amechukia maendeleo.

Sasa habari ya mapambo, maana twajua akina dada wanaingoja. Vijana wasema kila arusi ya siku hizi lazima iwe na jambo lake moja lenye kuunganisha rangi na nguo. Vema, jambo la arusi hii na liwe mavuno yenyewe. Mashuke ya mtama mwekundu na mweupe yakifungwa mafungu mafungu katika milango ya kanisa na kando ya viti ni mazuri kuliko maua ya karatasi, na makanisa mengi yamekwisha kuzoea kupambwa hivyo siku ya sikukuu ya mavuno. Yakatwe pamoja na mabua yake, yasipurwe, na Jumatatu asubuhi yapurwe. Hakuna punje itakayopotea. Mezani wekeni vibuyu, vyungu na vikapu vya nyumbani. Zabibu za Dodoma, mkizipata, mziweke katika nyungo katikati ya meza. Zaliwa na ni pambo.

Kwa nguo, msichague kitambaa bali chagueni rangi: ya udongo wetu mwekundu, au ya njano ya mabua. Kila mtu atafute sandukuni mwake. Tumekwisha kuona bibi mmoja mzee, nyanya wa bwana arusi, ameketi nje ya ua wa arusi kwa kuwa hakuweza kununua sare ya ukoo. Aliletewa chakula pale pale nje. Hatukulisahau jambo hilo, wala hatudhani kwamba bwana arusi, alipoambiwa baadaye, alilisahau.

Mahali pa karamu, uani au chini ya miembe pafaa kuliko ukumbi. Lakini jihadharini na upepo. Dodoma iko juu, kupita mita 1,100, na miezi hiyo upepo wa kusi huvuma na vumbi, na jua likitua baridi huuma. Basi fungeni arusi saa nne asubuhi, mle saa saba, mcheze hata saa kumi na moja, na wageni waende kwao kungali na mwanga. Kwa njia hiyo hamtahitaji kukodi taa. Vyungu vipikiwe upande ambao upepo unakwenda, moshi usiwaingie wageni.

Chakula na kiwe ugali wa uwele, nyama, mlenda, na maziwa ya mgando kwa wazee. Wali kidogo kwa wale wasioona arusi bila wali. Ng'ombe mmoja na mbuzi wachache watosha watu 200, nao wachaguliwe mapema mnadani, kule Msalato au mnada wa karibu nanyi, wala si juma lile la arusi, kwa sababu muuzaji akikujua una arusi Jumamosi atakupandishia. Togwa ya mtama ni kinywaji cha heshima kabisa.

Maji ndiyo jambo linalosahauliwa. Hata Kana ya Galilaya kinywaji kilikwisha, na Kana haikuwa Ugogo. Hesabuni lita 5 kwa kila mgeni, za kunywa, kupikia na kunawa. Kwa wageni 200 ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Visima vya kiangazi havitoi madumu 50 kwa asubuhi moja. Anzeni Alhamisi, kwa baiskeli na mkokoteni, na kazi hiyo wapewe vijana wa kiume rafiki za bwana arusi, ambao kwa kawaida twawaona wamekaa kivulini wakipanga mambo.

Kwa nyimbo, mnazo ngoma za muheme za akina mama na zeze za wazee. Mwambieni mwenye vipaza sauti aje akitaka kula.

Juu ya michango: siku hizi hutumwa kwa simu, na daftari la ahadi hujaa upesi kuliko daftari la fedha. Wekeni siku moja, mwezi kamili kabla ya arusi. Yaliyopokewa kufikia siku hiyo ndiyo arusi yenyewe, na ahadi zitakazokuja baadaye zitanunua vyombo vya nyumba mpya. Mhasibu asiwe rafiki wa bwana arusi, awe shangazi. Na msisahau sheria: tangazo la kukusudia kuoana hutolewa si chini ya siku 21 kabla ya arusi, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, na kanisani yapo matangazo ya Jumapili tatu. Kwa arusi ya Julai, mchungaji na aonwe mwezi wa Mei.

Tulipokuwa tukiyaandika haya ilifika barua ya pili ya mwalimu. Asema alikaa na mkewe, na mjomba wa kijana, aliyetoa ng'ombe wawili katika mahari na kwa hiyo ana haki ya kusema, wakamwita bwana arusi bila wanakamati. Wamechagua Jumamosi ya pili ya Julai. Gunia moja litauzwa, nusu gunia litapikwa, na nusu ni mbegu. Mwenyekiti wa kamati amejiuzulu. Bibi arusi, alipoulizwa na washenga anataka nini, aliomba jambo moja tu: apigwe picha nzuri pamoja na nyanya yake, wote wawili wamekaa kitini, kisha picha iwekwe katika kioo. Mwalimu auliza kama twamjua mpiga picha mwaminifu upande wa Kongwa au Mpwapwa. Basi yeyote amjuaye na atuandikie kabla ya mwisho wa mwezi.