Kabla hujaitupa chipu

Ndugu mwandishi, saketi yako ya kugeuza RGB kuwa video nimeielewa, ila hapo unaposema picha ikitoka nyeusi na nyeupe basi chipu imekufa, sikubaliani. Huku Koni, jirani na mtambo wa umeme wa mto Lufira, televisheni ya zamani niliyoachiwa na baba mkubwa ni ya SECAM, mfumo wa rangi wa enzi za Zaire. Wenzetu wa Zambia walitumia PAL. Mifumo yote miwili ina mistari 625 na mapigo 50 kwa sekunde, kwa hiyo picha ya PAL kwenye televisheni ya SECAM inatulia vizuri, rangi tu ndiyo haisomeki. Chipu nzima kabisa! Andika mfumo wa rangi kwenye mchoro. Na wewe uliyeuliza hapo juu kwa nini mwanga umezidi: tazama rezista ya ohm 75 kwenye tokeo, kwenye mchoro imefichwa kati ya nyaya zinazopishana. Kikuza kinatoa volti 2, rezista hiyo na ile ya ndani ya televisheni zinagawana, inabaki volti 1. Ukiiruka, volti zote 2 zinaingia. Jamani, mkichora saketi wekeni ingizo kushoto, tokeo kulia, umeme juu, ardhi chini, na penye kiungo tieni nukta.