Uzi wa Kioo Chini ya Bahari

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba sauti ya binti aliyeko Dubai hutufikia kwa njia ya angani, kupitia setilaiti. Zamani ilikuwa hivyo kwa kiasi kikubwa. Sauti ilipanda kilomita 36,000 na kushuka tena, na ndiyo sababu tulikuwa tukisema neno, tukangoja, kisha maneno yetu na yake yakagongana njiani. Mwaka wa 2009 waya wa faiba uitwao TEAMS, ulioanzia Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika pwani ya Mombasa. Karibu ni njia ile ile ya majahazi ya wazee wetu, ila mwendo wao wa wiki kadhaa sasa ni yapata sehemu ya arobaini ya sekunde.

Kinachobeba sauti hiyo ni uzi wa kioo. Gawanya milimita moja mara nane. Fungu moja ndilo unene wake. Ndani mna kiini chembamba zaidi, kisichofika sehemu ya mia ya milimita, na humo ndimo mwanga unamopita, ukirejeshwa ndani kila unapotaka kutoroka. Kioo cha dirisha hakifai kazi hiyo. Kitazame ukingoni utaona ukijani: ni uchafu wa chuma. Mwaka wa 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alieleza kwamba kinachoumeza mwanga ni uchafu huo, si kioo chenyewe. Tuzo ya Nobel ya fizikia aliipata 2009, mwaka ule ule wa waya wetu.

Katika kina kirefu waya mzima, pamoja na shaba, chuma na plastiki iliyouvika, hauzidi sana unene wa mpira wa kumwagilia bustani. Watu hupenda kuwasingizia papa; wakosa hasa ni nanga za meli na zana za uvuvi. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na huku kwetu intaneti ikazorota kwa siku kadhaa. Meli maalumu ndiyo huopoa ncha kutoka chini, na mafundi wakaunga unyuzi mmoja mmoja kwa cheche ya umeme.

Siku kama hizo yuko mama asiyelala, kwa kuwa binti yake anatumikia nyumba ya watu Ghuba na WhatsApp imenyamaza. Huenda ni nanga. Huenda ni jambo jingine, na hilo ndilo linalotutia hofu, kwani mama asiye na chochote ila jina la mwanawe kwenye simu hana pa kuulizia. Basi tunawasihi akina mama waandike katika daftari nambari ya simu ya kawaida ya nyumba hiyo, jina la mwajiri, mtaa na mji, wakala aliyempeleka, na nambari ya ubalozi wa Kenya nchini humo. Yaandikwe kabla binti hajapanda ndege, na daftari likae pamoja na vyeti vya nyumbani, si ndani ya simu.