Sana, Sanaa na Sanamu

Kuna wenzetu wanaosema ati kazi ya kusahihisha makala za jarida siku hizi ni ya Chama cha Kompyuta. Wao wana programu ya Python ya kubadilisha maneno, sisi wa Kiswahili tukae tu tungoje kuchapishwa. Mimi napinga, tena kwa sauti kubwa.

Chukua mfano. Mhariri anaona mwandishi amerudia "sana" kupita kiasi, basi anaiamuru programu: re.sub("sana", "mno", makala). Lo! "Sanaa" iliyo katikati ya sentensi inageuka "mnoa", na "sanamu" inakuwa "mnomu". Kompyuta haina kosa hapo. Imeambiwa itafute s-a-n-a, nayo imezitafuta popote zilipo. Lakini insha ya mwanafunzi mgeni ikitoka na "mnomu", atakayechekwa bwenini ni yeye, si programu.

Dawa inajulikana: weka \b kila upande, alama ya mpaka wa neno, yaani r"\bsana\b". Ile r ya mbele usiidharau. Bila hiyo, Python huisoma \b kama herufi ya kurudi nyuma kwenye kibodi. Haitabadilisha lolote wala haitalalamika, nawe utabaki kukuna kichwa. Tena re.sub haigusi maandishi ya awali. Hukurudishia nakala mpya, na usipoihifadhi umeteka maji kwa pakacha.

Hata hivyo mpaka huo nao una vituko vyake, na hapa ndipo Kiswahili kinapodai haki yake. Maneno yetu huvaa viambishi mbele na nyuma: r"\bkitabu\b" haioni "kitabuni" wala "vitabu". Na ng'ombe je? Ritifaa si herufi, kwa hiyo mashine inaona vipande viwili, "ng" na "ombe". Isitoshe, ritifaa ina sura mbili, iliyonyooka na iliyopinda. Programu nyingi za kuandikia huipinda zenyewe, kwa hivyo ukitafuta kwa iliyonyooka, ng'ombe wote hawaonekani zizini! Andika ng['’]ombe, utawapata wa aina zote mbili.

Nani atayawazia haya kama si mwanachama wa Kiswahili?

Chombo chenyewe tusikitupe, maana kupitia rundo la makala kwa macho ni adhabu. Ila kisibadilishe kabla ya kuonyesha. Kwa re.findall(r"\w*sana\w*", makala) tutapata orodha ya kila neno lenye herufi hizo: sana, sanaa, sanamu, kisanaa. Wanachama wawili waipitie kwa kalamu, mmoja wetu na mmoja wa kompyuta, na nakala ya asili iwekwe kando. Makala za toleo lijalo zikifika mezani, mimi najitolea kuwa mmoja wa hao wawili.