Transista Haina Pasipoti

Kuna uongo unazunguka kwa wapiga gitaa wa Nairobi na nimechoka kuusikia. Ati fazi ya ukweli, ile sauti ya gitaa inayonguruma na kukwaruza, haiwezi kutoka kwa pedali iliyoundwa Kawangware 56 na transista ya Luthuli. Ati lazima iwe jemaniamu ya miaka ya sitini, ikiwezekana NKT275, iliyolala kwa droo ya mtu huko Uingereza na kutumwa huku kwa ndege. Bila hiyo unaambiwa unachezea waya.

Matokeo yake ni wasee wenye gitaa, wenye nyimbo, wenye bendi, ambao bado wanangoja. Wanangoja binamu arudi kutoka majuu. Wanangoja ganji ya ushuru. Miaka inaenda na wimbo unakufa mkononi. Mimi nasema huu ni ujinga uliovalishwa ovaroli ya fundi, na ni wakati tuuvue mbele ya watu.

Tuanze na historia, kwa sababu hawa watu hupenda kutuchapa nayo. Mwaka 1958 Mmarekani Link Wray alitoa "Rumble", na ili apate sauti aliyotaka alitoboa spika ya amplifaya yake kwa penseli. Mwaka 1961 gitaa la besi la Grady Martin lilisikika likikwaruza ndani ya "Don't Worry" ya Marty Robbins, na chanzo kilikuwa hitilafu ya mitambo ya studio kule Nashville. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, akaunda sakiti ya transista ya kuiga ule ubovu, na mwaka 1962 Gibson wakaiuza kwa jina Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks akachana spika yake kwa wembe.

Penseli, wembe, mashine mbovu. Sisi hapa hiyo tunaiita jua kali. Mtu asikuambie kwamba fazi ilishuka kutoka mbinguni ikiwa ndani ya boksi.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 aliunda vinasa sauti vya likembe zake kwa sumaku za vipuri vya magari, akavisukuma kwa vipaza sauti hadi vikalia. Congotronics ilitoka 2004, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba sumaku hazikuwa za kampuni sahihi.

Sasa tuingie ndani ya boksi. Gitaa hutoa umeme kidogo sana, mara nyingi chini ya volti moja. Transista inaukuza. Lakini betri ni ya volti 9, na wimbi haliwezi kupanda kuliko betri wala kushuka chini ya sifuri. Likigonga dari linakatwa kichwa, likigonga sakafu linakatwa miguu. Kule kukatwa ndiko tunakosikia kama mngurumo. Fuzz Face, ile pedali ya duara iliyotoka London mwaka 1966, ina transista mbili, na ukihesabu kila kitu kwa bodi havifiki kumi na tano. Za kwanza zilitumia jemaniamu. Baadaye waundaji wenyewe walihamia silikoni, BC108 ikiwemo. Kwa hivyo hata nabii wenu alihama dini. Na BC547 unayonunua Luthuli kwa bei ya mandazi ni wa ukoo huohuo wa BC108. Mzee alivaa bati, huyu kijana anavaa plastiki.

Mbona walihama? Kwa sababu jemaniamu huvuja. Hata bila kuamriwa, inapitisha mkondo kidogo, na joto likipanda nyuzi kama 10 uvujaji unakaribia maradufu. Sasa fikiria chumba cha mabati hapa 56, saa nane mchana, mwezi wa pili. Pedali iliyoimba vizuri asubuhi inaanza kukohoa na kumeza noti katikati, kwa sababu volti za ndani zimehama. Wengi wanaoziandikia jemaniamu mashairi wanaishi kwenye baridi. Sisi tunaishi chini ya bati, halafu tunalipa pesa nyingi kununua kitu kinachochukia bati.

Halafu kuna ukora. Ile multimita ya njano ina tundu la kupima hFE, yaani transista inakuza mara ngapi. Ukiweka jemaniamu inayovuja, mita inahesabu uvujaji kama ukuzaji. Transista ya 70 inaweza kusoma 150, na ukauziwa hiyo 150. Jina la mgongoni nalo ni rangi tu. Kuna watu kazi yao ni kufuta na kuandika upya.

Nitakuwa mkweli, jemaniamu ina utamu wake. Ukipunguza volyumu ya gitaa inatulia na kusafika polepole, kama mtu mwenye hasira aliyeletewa chai. Na ni kweli ukichukua BC547C, ambayo hFE yake ni kati ya 420 na 800, ukaibandika kwa sakiti iliyoandikiwa transista ya 70 au 100, utapata nyuki ndani ya mkebe. Lakini hapo tumlaumu mpishi, tuache mchele. Chukua BC547A, ya kati ya 110 na 220. Nunua kumi, zipime zote, weka ya chini mbele na ya juu nyuma. Ile rezista ya 8.2k inayoshika kolekta ya transista ya pili, itoe, weka ya kuzungusha, na uizungushe hadi kolekta isome karibu volti 4.5, nusu ya betri. Hapo wimbi lina nafasi ya kukatwa juu na chini. Ikibaki kali, unganisha kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na beisi ya transista moja; itakula ule ukali wa juu. Na kama umebadilisha BC547 kwa 2N3904, kumbuka miguu imepinduka: upande bapa ukikutazama, BC547 ni kolekta, beisi, emita, na 2N3904 ni emita, beisi, kolekta. Igeuze.

Hayo yote unayafanya na mita ya bei rahisi na masikio yako. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Muhula mzima tulichora mkondo wa transista ubaoni, na vifaa vya kuupima vilikaa nyuma ya kufuli. Transista yenyewe haikuwahi kuniuliza cheti.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kuacha kunakili. Sakiti ya London iliandikiwa bendi ya gitaa moja, besi na ngoma. Benga ni kitu kingine. Magitaa yanajibizana juu, haraka, na besi inatembea chini kama mtu anayekimbilia matatu ya mwisho. Ukiingiza fazi yenye kapasita ya mikrofaradi 2.2 mlangoni, sauti nzito zote zinapita, gitaa linavimba, na mwenye besi anazama. Weka nanofaradi 100 pale. Gitaa linakonda, linapata meno, na besi inarudi kupumua. D.O. Misiani na Shirati Jazz walitikisa nchi kwa magitaa safi kabisa, heshima zao. Duma nao walipotoa albamu yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, dunia ilisikia kwamba Nairobi ina kelele yake. Kati ya hizo ncha mbili kuna muziki mwingi ambao haujapigwa bado, na hakuna mchoro wa 1966 unaojua unataka kapasita gani.

Kuna adui wa pili, na huyu anakuja akitabasamu. Anakuja mtaani na kamera, anataka picha ya mkono wenye masizi na solda ikitoa moshi. Kichwa cha habari anacho tayari: kijana wa mtaa wa mabanda aunda maajabu kutoka kwa takataka. Hataki kujua hFE. Hachomeki gitaa asikie. Yule wa jemaniamu anasema kazi yetu haiwezi kufanya kazi. Huyu anashangaa kwamba imefanya. Wote wawili hawajaisikiliza. Sitaki kupigiwa makofi kwa kuwa maskini karibu na waya. Niambie pedali inafifisha noti mapema, niambie inavuma ukitumia chaja ya simu, tubishane kuhusu kichujio. Hayo ndiyo mazungumzo ya heshima.

Kwa hivyo acha kungoja binamu. Fungua redio iliyokufa ya nyumbani, toa transista, pima, andika namba kwa daftari: hFE, volti ya kolekta, kapasita uliyoweka, wimbo uliopiga, na joto lilikuwaje. Kisha mpe msee mwingine hiyo daftari, wa Gatina, wa Kibera, wa Dandora, ili yeye aanzie pale wewe uliposimama. Waingereza walitupita kwa kitu kimoja tu: waliandika vipimo vyao na kuvihifadhi. Kalamu ni bei rahisi kuliko NKT275.