Kibodi Zetu Zijaribiwe kwa Maneno Yetu

Wahenga walinena kwamba mazoea yana tabu. Ukweli wa usemi huu unadhihirika katika suala ambalo huenda wengi wakaliona dogo, nalo ni mpangilio wa herufi kwenye skrini za simu na kompyuta zetu.

Mpangilio tuutumiao, uanzao kwa Q, W na E, ulibuniwa Marekani na Christopher Latham Sholes kwa ajili ya taipureta zilizoanza kuuzwa mwaka 1874. Taipureta zimekaribia kutoweka, lakini mpangilio wake ungalipo. Je, umedumu kwa ubora au kwa mazoea tu?

Mwaka 1999, watafiti MacKenzie na Zhang wa Kanada walichapisha matokeo ya jaribio la kibodi mpya ya skrini waliyoiita OPTI. Humo, herufi zinazoandamana mara nyingi katika Kiingereza ziliwekwa karibu karibu. Watu 5 waliijaribu sambamba na ile ya zamani katika vipindi 20 vya dakika 45. Mwanzoni waliandika kwa OPTI wastani wa maneno 17 tu kwa dakika, ikaachwa nyuma. Baada ya kipindi cha 10 iliipita ile ya zamani, na katika kipindi cha 20 ikafikia maneno 44. Lau jaribio lingalikoma siku ya kwanza, OPTI ingalihukumiwa kwa dhuluma.

Hata hivyo, kipimo kile kilikuwa cha Kiingereza. Katika Kiswahili, herufi A hujitokeza kuliko nyingine yoyote, ilhali Q na X hazimo katika tahajia sanifu. Walakini A imesukumwa ukingoni. Aidha, ritifaa ya ng' imefichwa, katika simu nyingi, kwenye ukurasa wa alama. Ndipo mwanafunzi akaandika "ngoa", yaani wivu, akikusudia "ng'oa". Mwalimu humkosoa mwanafunzi, kibodi haikosolewi.

Yafaa basi idara za Kiswahili na za kompyuta katika vyuo vikuu vyetu zishirikiane kujaribu mipangilio mbadala. Walimu na wanafunzi waandike matini za Kiswahili kwa majuma kadhaa, na ipimwe kasi pamoja na makosa. Jipya lisikumbatiwe kwa upya wake, wala la kale lisitukuzwe kwa ukale wake.

Asiyekuwepo na lake halipo. Maneno yetu yasipokuwemo katika majaribio hayo, mahitaji yetu hayatakuwemo katika kibodi.